Ramani Inayopendeza kwa Macho Tu

Wadau, leo naomba tuipumzishe siasa. Waheshimiwa watajisemea wenyewe. Leo nataka tuongelee ramani za nyumba, na hasa kitu kimoja kidogo ambacho wachoraji wengi wa kompyuta mtaani wanakichukulia kama pambo: snapu.

Kwa ambao hawajawahi kukaa mbele ya AutoCAD, snapu ni ule uwezo wa programu kunasa nukta halisi ya kitu kilichokwisha kuchorwa. Unasogeza mausi karibu na mwisho wa mstari, kinatokea kialama cha mraba, unabofya, na mstari wako mpya unaanzia pale pale ulipoishia ule wa zamani. Si karibu na pale. Ni pale pale. Ukisogea katikati ya mstari inatokea pembetatu. Kwenye kitovu cha duara kinatokea kiduara. Mistari miwili inapokatana unaona alama ya X. Unaiwasha na kuizima kwa kitufe cha F3. Mtoto wa darasa la saba anaielewa kwa dakika tano.

Hoja yangu ya leo ni hii: mchoraji anayebofya kwa jicho bila snapu hachori ramani, anachora picha ya ramani. Vitu hivyo viwili ni tofauti, na gharama ya tofauti hiyo hailipwi na mchoraji. Inalipwa na yule aliyedunduliza miaka sita akanunua kiwanja Chanika au Kibaha.

Najua wapo watakaouliza, mwandishi wa habari na AutoCAD wapi na wapi? Jamani, kila siku navinjari mitaani natafuta habari, na mji huu wote unajengwa mbele ya macho yetu. Nusu ya vijana niliomaliza nao shule wana laptop yenye programu ya kuchorea. Nimekaa nao, nimewaona wanavyofanya kazi, na nimeona kinachotoka kwenye printa. Halafu kazi zetu zinafanana kuliko tunavyodhani. Nitarudi kwenye hilo.

Kwanza tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu tutabaki tunabishana kama mashabiki wa Simba na Yanga.

Skrini ya kawaida ina vidoti 1,920 kutoka kushoto kwenda kulia. Tuseme mchoraji anaangalia nyumba na uwanja wake, upana wa mita 20, umejaa skrini nzima. Gawa milimita 20,000 kwa 1,920. Unapata milimita 10 na kidogo. Maana yake kidoti kimoja kwenye skrini ni sentimita moja ya ardhi. Hata mkono wako uwe umetulia kiasi gani, macho yako yawe makali kama ya mwewe, ukibofya kwa kukadiria huwezi kuwa sahihi kuliko sentimita moja. Na hapo umebahatika. Mkono wa binadamu wenye chai ya asubuhi unakosea vidoti vitatu au vinne bila kujijua.

Sasa upande wa pili. AutoCAD inatunza kila nukta kwa tarakimu zipatazo 15. Kompyuta iliyo mbele yako inaweza kukumbuka kona ya ukuta kwa usahihi ambao hakuna futi ya chuma duniani inayoweza kuupima, na wewe unailisha makadirio ya sentimita moja. Ni sawa na kununua mzani wa sonara halafu ukaupimia mkaa.

Tatizo la makosa haya ni kwamba hayaonekani. Ukiitazama ramani nzima, kuta zimekutana, kona ziko safi, mambo bulibuli. Sogeza picha karibu kwenye kona moja, zungusha gurudumu la mausi. Bado zimekutana. Zungusha tena. Aha! Kumbe mstari mmoja umepungua, mwingine umepitiliza, na kati yao kuna kiupenyo ambacho mjusi angepita. Nenda kona nyingine, hivyo hivyo. Ramani nzima ni mistari inayosalimiana kwa mbali.

Nilipomwonyesha jambo hili fundi mmoja ninayemheshimu sana, mtu wa makamo aliyejenga nyumba nyingi tu huko Kinyerezi, alinicheka. "Mdogo wangu," akaniambia, "tofali haijui milimita. Plasta peke yake inakula sentimita nzima. Hiyo mistari yako ikipishana kidogo mimi nitaiweka sawa na kamba yangu."

Hoja ya fundi ni nzito, na wanaohubiri usahihi wa kompyuta mara nyingi wanaikwepa. Mimi sitaikwepa. Ni kweli, ukuta wa matofali uliopotea milimita tano haumuui mtu. Na sitaki kusikia mtu akitumia makala haya kuelezea majengo yanayoporomoka. Jengo lililoanguka katikati ya Dar es Salaam Machi 2013, na lile la Kariakoo Novemba 2024, hayo ni mambo mazito yenye uchunguzi wake. Nyumba haianguki kwa sababu mtu alisahau kubonyeza F3.

Lakini fundi anasahau kitu kimoja. Ramani ya kompyuta haisomwi na fundi peke yake siku hizi. Inasomwa na kompyuta nyingine.

Anayekadiria vifaa anataka programu imwambie sakafu ina mita za mraba ngapi ili ajue maboksi ya vigae. Anabofya ndani ya chumba, programu inazunguka ukuta ikitafuta mwisho, inakuta upenyo kwenye kona, inatokea nje na kugoma: eneo halijafungwa. Hapo ana njia mbili. Afunge kona zote moja moja, kazi ya usiku mzima, au akadirie kwa kichwa. Nadhani unajua wengi wanachagua ipi. Vigae vikipungua vitano mwishoni, duka limeshamaliza vya rangi ile.

Fundi wa mageti naye siku hizi anapeleka mchoro wa maua kwenye mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Mashine ile haina kamba wala haina busara ya mzee wetu wa Kinyerezi. Inafuata mstari. Ua likiwa limechorwa kwa vipande visivyogusana, mashine haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Hapo ama inakataa kazi, ama inaharibu bati la chuma la mteja.

Halafu kuna kosa linalozaana. Tuseme una nguzo 12 za kibaraza, nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe milimita 3,600. Umeiweka ya pili kwa jicho, ikatokea 3,608. Milimita nane, nani atajua? Lakini kwa kuwa kompyuta inarahisisha maisha, unainakili nafasi ile ile mpaka zitimie nafasi 11. Nguzo ya mwisho imepotea milimita 88, karibu sentimita tisa. Hapo hata plasta ya fundi haifichi kitu. Ungenasa kitovu cha nguzo ya kwanza kwa snapu, ukaandika 3600 kwenye kibodi, ukabonyeza enta, usingekuwa na habari hii.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kinachofuata baada ya hapo. Mchoraji anaweka vipimo kwenye ramani, na kwa kuwa programu haina aibu, inamwandikia ukweli: 3,987. Yeye alitaka 4,000. Badala ya kurudi kusogeza ukuta, anabofya ile namba, anaifuta, anaandika 4000 kwa mkono wake. Kipimo cha kubandika! Ramani sasa inasema kitu kimoja na mchoro wenyewe ni kitu kingine. Kesho mteja akisema chumba kiongezwe, ukuta utasogea na namba itabaki pale pale inang'aa, 4000, kama saa iliyokufa. Atakayejumlisha vyumba vitatu na korido atakuta jumla hailingani na urefu wa nyumba, na atakuwa ameshasimama kwenye msingi na koleo mkononi.

Hapa ndipo ninaposema kazi zetu zinafanana. Kwetu sisi kubandika namba kuna jina: kumtilia mtu maneno mdomoni. Mwandishi aliyekaa kwenye mkutano bila kinasa sauti, akarudi chumba cha habari akakumbuka-kumbuka, akaweka alama za kunukuu kwenye maneno ambayo mgombea hakuyasema hivyo. Kwa msomaji inaonekana nukuu safi. Alama za kunukuu zipo, jina lipo, cheo kipo. Mpaka siku mtu akienda kusikiliza kanda. Snapu ndiyo kinasa sauti cha mchoraji. Haimpi kipaji. Inamzuia tu kuweka alama za kunukuu mahali ambapo alikadiria.

Na tusidanganyane kwamba huu ni mtindo wa kizungu tunaolazimishwa. Mwangalie huyo huyo fundi aliyenicheka akipanga msingi. Je, anakadiria? Thubutu! Anapigilia vigingi, anapigilia misumari juu ya vigingi, anafunga kamba kwenye msumari. Haishiki kamba kwa mkono akasema "hapa hapa panatosha". Anapotaka kona ya mraba anapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na mshazari lazima usome 5. Ukisoma 5 na kidogo, kamba inasogezwa. Ukuta ukipanda anateremsha timazi. Msumari, kamba na timazi ni snapu. Kinachosikitisha ni kwamba fundi wa darasa la saba anafunga kamba kwenye msumari wakati kijana mwenye diploma, mwenye msumari uliotengenezwa tayari ndani ya programu, anaushikilia uzi hewani.

Wala si kitu kipya hata huko kwenye kompyuta. Mwaka 1963 kijana wa Kimarekani, Ivan Sutherland, aliandika tasnifu yake pale MIT kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Ulikuwa unachora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Sutherland aliona mapema kwamba mkono wa binadamu unatetemeka, kwa hiyo kalamu ikikaribia nukta iliyokwisha kuchorwa, kompyuta ilichukulia kwamba nukta hiyo hasa ndiyo inayokusudiwa. AutoCAD yenyewe ilikuja kuingia sokoni mwaka 1982, karibu miaka ishirini baadaye. Kwa hiyo wazo la kunasa nukta lina umri wa kustaafu. Sisi ndio tumechelewa kulipokea.

Kwa nini tumechelewa? Naona mambo mawili.

La kwanza ni mafunzo yetu ya wiki tatu. Mwanafunzi analipa ada, na anachotaka ni kuona nyumba ya rangi yenye gari nje na mnazi pembeni. Mwalimu naye anajua atapata wanafunzi wengi akiwaonyesha mnazi mapema. Kwa hiyo wanarukia mapambo. Snapu inatajwa kwa sentensi moja, "bonyezeni F3," basi. Hakuna anayewaambia ni kwa nini.

La pili ni sisi wateja. Tunaingia kwenye duka la steshenari lenye ramani zimebandikwa ukutani, tunachagua kama tunachagua kitenge. Hii nzuri, hii ina vyumba vinne, shilingi ngapi? Tukiletewa karatasi iliyopakwa rangi tunaridhika. Hatuombi faili. Hatujumlishi vipimo. Mchoraji amejifunza kwamba macho ya mteja ndiyo mtihani pekee, akajiandaa kwa mtihani huo.

Lakini washkaji, nisije nikaonekana nauza snapu kama dawa ya mganga inayotibu kila kitu. Nayo ina uchawi wake.

Kuna wanaoziwasha zote kwa pamoja, ncha, katikati, kitovu, makutano, pembe mraba, tanjenti, mpaka ile ya "popote karibu". Kwenye mchoro uliojaa, mausi inaruka kama panzi, na unanasa nukta usiyoitaka huku ukiwa na uhakika wa asilimia mia. Hiyo ya "popote karibu" ndiyo mchokozi mkubwa. Inanasa sehemu yoyote ya mstari na kukuonyesha alama, ukadhani umepata kona kumbe uko sentimita mbili pembeni. Ukibofya kwa jicho angalau moyo unakusuta. Ukinasa nukta isiyo yako, unalala usingizi mzito. Wajuzi wanawasha tatu au nne tu, zilizobaki wanaziita zinapohitajika kwa kushika shifti na kubofya mausi upande wa kulia.

Kuna mtego mwingine kwa wanaochora juu ya michoro ya wapima ardhi. Mistari ya mwinuko ndani ya faili ina urefu wake kwenda juu. Ukinasa ncha ya mstari wa chini na ncha ya mstari wa juu, mstari wako unapanda mlima bila wewe kuona, kwa sababu unautazama kutoka angani. Chukua kiwanja cha mteremko kama vile vya Kimara. Mita 30 kwa ulalo, tofauti ya mwinuko mita 12. Programu itakupimia mita 32.3. Snapu imefanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, imenasa ulichogusa. Wewe ndiye hukujua ulichogusa.

Na hili la mwisho ndilo kubwa. Snapu inakupa usahihi, haikupi ukweli. Kinasa sauti kinanasa kila neno la mheshimiwa, lakini hakijui kama mheshimiwa anasema kweli. Kama aliyekwenda kiwanjani alipima kwa hatua za miguu, au jirani ameshasogeza bikoni usiku, unaweza ukanasa kila kona kwa tarakimu 15 na ukaishia na uongo ulionyooka sana. Ramani iliyonaswa vizuri inastahili kuaminiwa pale tu alipotangulia mtu aliyeingia kwenye majani na futi mkononi.

Basi kuna atakayesema, kama ni hivyo snapu ya nini? Bora tukadirie tu. Hapana. Kwenye ramani iliyonaswa, kosa la kiwanjani linajulikana liko wapi. Vipimo vinajumlishika, hesabu ikigoma unajua aliyekosea ni aliyepima, unarudi kupima. Kwenye ramani ya kukadiria, makosa ya mpimaji na ya mchoraji yamechanganyika kama mchele na pumba, hakuna anayejua lipi ni la nani. Mimi nafanya kazi mahali ambapo kila siku watu wanatafuta nani alaumiwe. Niamini, mji ambao kosa halina mwenyewe ni mji ambao mwenye nyumba ndiye anayebeba kila kosa.

Nimalizie na mambo ya kufanya, maana kulalamika tu hakujengi.

Wewe unayefundisha, anza na snapu siku ya kwanza. Mpe mwanafunzi kuta nne tu, kisha msogeze kwenye kila kona mpaka aone mwenyewe. Mnazi utamsubiri.

Wewe mwajiri unayeandika kwenye tangazo "awe anajua AutoCAD", usimwombe mwombaji akuonyeshe picha za rangi. Fungua faili lake, chagua kona moja, sogeza karibu. Usaili umekwisha.

Wewe kijana unayesema programu ni ghali, ni kweli ni ghali, na toka mwaka 2016 AutoCAD haiuzwi moja kwa moja, inalipiwa kama king'amuzi. Lakini LibreCAD, na FreeCAD pia, ni bure kabisa, halali kabisa, na zote zina snapu. Umaskini si sababu ya kona kutokukutana.

Na wewe mteja, kabla hujalipa, chukua kalamu. Jumlisha vipimo vya vyumba na unene wa kuta kutoka kushoto kwenda kulia, linganisha na urefu wa nyumba ulioandikwa nje. Visipolingana usimpigie fundi simu. Mrudishie mchoraji karatasi yake, umwombe afungue faili mbele yako na asogee karibu kwenye kona utakayochagua wewe. Akianza kujiumauma, hela yako ibaki mfukoni.